Rangi ya Wingu la Jabari

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu imekaa barazani mwa duka la Bwana Chetan, hapa Malindi, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ndiyo desturi ya huku: mwenye duka auza kitambaa ndani, fundi ashona nje, na mteja hana haja ya kuzunguka na jua. Nimeshona hapo sare za shule, magauni ya harusi, mapazia ya hoteli za Watamu, na mara moja koti la mbwa wa mama mmoja Mtaliano, ambalo mbwa mwenyewe alilikataa. Kwa hiyo nikimsema Bwana Chetan msidhani nasema ya kusikia. Hata kikohozi chake nakijua.

Watu wakimwona mara ya kwanza humdhania mkali. Ni mrefu, mwembamba, na ana tabia ya kumtazama mteja kwa juu ya miwani kama mwalimu mkuu aliyekatizwa chai. Lakini ngoja umwulize habari ya kitambaa. Uso wote hulainika. Atakishika kwa ncha za vidole, atakisugua karibu na sikio asikie kinavyolia, kisha atakwambia kama kitachuja, kama kitarudi kikifuliwa, kama kitakutoa jasho mwezi wa pili. Hakosei. Nimejaribu kumtega kwa vipande vya pamba iliyochanganywa na nailoni, na kila mara amenirudishia kipande changu akiniuliza kama sina kazi.

Kitu kimoja tu kinamshinda: nyekundu na kijani. Buluu anaiona, manjano anaiona, nyeusi na nyeupe hana shida nazo. Ila nyekundu na kijani, machoni pake, ni mtu na pacha wake. Alizaliwa hivyo. Mwekee jora la nyekundu iliyoiva na jora la kijani cha jani la mkorosho, atakwambia yote mawili ni rangi ya udongo. Kwa seremala au mwuza samaki hilo si jambo. Kwa mwuza vitambaa ni aibu kubwa, au ndivyo alivyoamini marehemu baba yake, Mzee Harish, aliyelifungua duka.

Mzee Harish aligundua Chetan angali mtoto, akaamua palepale kwamba mtu wa nje asijue. "Nani atanunua kitambaa kwa mtu asiyejua rangi?" alisema. Akapanga rafu upya: nyekundu zote upande wa kulia, chini ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa mali; kijani zote upande wa kushoto, chini ya saa ya ukutani. Mwanawe akajifunza kuuza kwa mikono na kumbukumbu. Mpangilio ule haujabadilika mpaka leo. Saa yenyewe ilikufa zamani, ikaachwa palepale kwa kuwa ndiyo alama.

Bwana Chetan aliamini kwamba siri hiyo wanaijua watu wawili tu walio hai: mkewe Daksha, na Kabibi, anayemsaidia dukani tangu alipokuwa msichana. Mungu amsamehe kwa kutudhania wajinga. Mtaa mzima tulijua. Mimi nilijua kwa uzi, maana ni mwenye duka gani asiyethubutu kumchagulia fundi wake uzi? Kila nikimwomba husema, "Chagua mwenyewe, fundi, wewe ndiye mwenye jicho." Shoeb, mwenye duka la viungo mkabala na letu, alijua siku Chetan alipolisifia embe bichi kwamba limeiva vizuri. Kila mtu alijua kivyake, na kila mtu alinyamaza kivyake, kwa kuwa tunampenda na hatukuona faida ya kumwaibisha.

Mara moja tu mambo yaliharibika waziwazi. Wapaka rangi walikuja kupaka kuta, wakashusha majora yote, na walipoyarudisha waliyageuza. Ya kulia yakaenda kushoto. Siku hiyo Kabibi alikuwa matangani kwao Ganze, nami nilikuwa nimetoka kutafuta mkanda wa cherehani. Mzee Dzombo, mganga wa huko bara, akatuma watu kununua nguo tatu za ngoma ya pepo kama ilivyo desturi: bafta nyeupe, kaniki nyeusi na bendera nyekundu. Waliotumwa walikuwa vijana wawili wa bodaboda. Waliambiwa nguo tatu, wakahesabu nguo tatu, wakabeba. Bwana Chetan alikuwa amenyoosha mkono chini ya picha ya Lakshmi kama siku zote, akapima na kukata kwa raha zake.

Kesho yake walirudi.

"Mzee asema pepo wake aliomba bendera," wakasema. "Hii ya kijani ni ya pepo mwingine, na huyo hakualikwa."

Bwana Chetan akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Miwani hii," akasema. "Miwani hii itanitia matatani." Kabibi, aliyekuwa amerudi, akawakatia nyekundu, kisha akayarudisha majora mahali pake. Mimi nikainamia pindo la suruali ambalo nilikuwa nimelimaliza tangu asubuhi. Toka siku ile sitoki barazani kabla Kabibi hajafika.

Bi Daksha ni mwenyeji wa Mombasa, mwanamke wa maneno machache na chai kali. Ndiye aliyenisimulia, tena akicheka, jinsi alivyojua. Bibi harusi wa kwao huvaa sari nyeupe yenye pindo jekundu. Siku chache baada ya harusi mumewe aliishika sari ile, akausifia ufumaji wake, akasema na hiki kijani cha pindo kinampendeza. "Nilidhani yuwanitania," Bi Daksha aliniambia. "Nikacheka. Kisha nikauona uso wake." Tangu hapo humtandikia shati na suruali kitandani kila asubuhi. Na wakikaa juu ya paa jioni, jua likizama, akitaka kusema tazama lilivyo jekundu, humeza neno na kusema tazama lilivyo kubwa.

"Si kwamba haoni nyekundu," aliniambia siku hiyo, kicheko kikiwa kimekwisha. "Watu wangapi hawaoni kabisa? Ni kwamba kila nikimwonyesha kitu kizuri, sijui kama twaona kitu kimoja." Nilimwambia chai yake ilikuwa nzuri.

Wana mtoto mmoja, Hetvi. Huyu ndiye peke yake ambaye hakujua lolote, na ndiye ambaye Bwana Chetan hakutaka kabisa ajue. Alipokuwa mdogo alikuwa akishinda chini ya kaunta na mabaki ya vitambaa. Huibuka na kipande, akauliza, "Pappa, hii rangi gani?" Naye Bwana Chetan humkunjia uso na kumwambia, "Sema wewe kwanza." Mtoto akisema nyekundu, baba hupiga makofi na kusema, "Nyekundu! Nani kakufundisha?" Basi akakua akiamini kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha rangi, na huwaambia watu hivyo hadi leo. Mimi nikiwa na sindano mdomoni nilikuwa nikiyasikia yote hayo, na kuna siku nilijichoma.

Hetvi akaenda bweni, akaenda chuo kikuu, akarudi mwalimu wa fizikia katika shule moja ya Kilifi. Baba yake alitumaini atalichukua duka. Hakulichukua. Alichukua nyota. Bwana Chetan hakugomba, wala hakununa sana. Ila nilimwona siku zile akikunja kitambaa kilekile mara mbili, mara tatu, kama mtu aliyesahau anachokifanya. Yalipita. Lakini tangu hapo, kila binti akizungumzia kazi yake, baba alikuwa akisikiliza kwa bidii ya mtu anayetaka kulipa deni la kutofurahi mwanzoni.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Hetvi alikuja Jumamosi moja, akaketi barazani karibu na cherehani yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Waonaje?"

Akanionyesha picha kwenye simu. Niliyoyaona sijui niyaseme vipi. Wingu, lakini si la mvua. Lilikuwa jekundu katikati na waridi kandokando, lenye mikunjo kama hariri iliyotupwa kitandani, na ndani yake nuru. Nikamwuliza ni kitambaa cha nani.

"Si kitambaa, fundi. Ni nebula. Wingu la gesi na vumbi huko juu. Liko kwa Jabari, hapa chini ya mkanda wake."

Jabari nilimjua. Baba yangu alikuwa mkulima, alituonyesha nyota za Kilimia kwa ajili ya kupanda, na Jabari anayekifuata nyuma na nyota zake tatu kiunoni. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yule bwana amebeba kitu kama kile.

"Humo ndimo zinamozaliwa nyota," Hetvi akasema. "Hata sasa tunavyozungumza."

"Zinazaliwaje? Mkunga nani?"

Akacheka, kisha akatazama chini ya cherehani yangu, mahali ambapo kwa kweli nisingependa mgeni atazame. "Ulifagia leo?"

"Nimefagia asubuhi."

"Na hizi je?" Akaonyesha nyuzinyuzi zilizojikusanya pembeni ya mguu wa cherehani, zimekuwa donge la ukubwa wa yai la kuku. "Nani kazikusanya?"

"Hakuna. Zajishika zenyewe. Ikishapatikana kidogo, zinazopita hunasa hapo."

"Basi na kule ni vivyo hivyo," akasema. "Gesi imetawanyika, nyepesi mno. Mahali fulani inazidi kidogo. Penye zaidi panavuta zaidi. Donge linakua, linajikaza, na kadiri linavyojikaza ndivyo ndani panavyopata moto, mpaka mwisho linawaka lenyewe. Hiyo ndiyo nyota. Kisha zile kubwa zilizotangulia kuwaka zinalimulika wingu lililozizaa, nalo linang'aa hivi unavyoona."

Nikazitazama nyuzi zangu kwa heshima mpya. Kusema kweli sikuzifagia mpaka Jumatatu.

Bwana Chetan alikuwa amesimama mlangoni. Hetvi akamgeukia na simu. "Pappa, shule yetu imepata darubini. Wiki ijayo hakuna mwezi jioni, nitaileta, tutaipandisha juu ya paa. Fundi aje, Kabibi aje, ami Shoeb aje. Lakini wewe ndiye utakayetazama kwanza. Wewe mtu wa rangi. Nataka uniambie unaona nini."

Bwana Chetan akaitazama picha, akatikisa kichwa kwa adabu. "Nzuri sana," akasema. "Nzuri sana." Kisha akaingia ndani kutafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake.

Wiki ile haikuwa wiki ya raha. Mtu mwingine angejitia maradhi, angesema goti linamuuma, ngazi haiwezi. Bwana Chetan hakufanya hivyo, na hapo ndipo nilipompenda zaidi. Kabibi alinisimulia. Jioni baada ya kufunga, Bwana Chetan alimwomba binti amtumie ile picha, akaiweka simu juu ya kaunta na kumwita Kabibi. "Hapa ni rangi gani? Na hapa? Na huku pembeni?" Kabibi akawa anamletea majora kutoka rafuni kulinganisha: hapa ni nyekundu ya bendera, hapa ni waridi ya gauni la mtoto, huku ni zambarau. Naye anarudia kama mwanafunzi wa madrasa anayekariri. Kabibi alipomwuliza kwa nini ajitese hivyo, alimjibu kwa sauti ndogo.

"Mtoto huyu aliniletea maua nisione. Aliniletea penseli za rangi nisione. Sasa ameniletea kitu chake mwenyewe, ambacho kwa ajili yake aliliacha duka. Hiki kimoja nataka nimjibu."

Kabibi aliponiambia hayo alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nilimwambia aondoke, ananichafulia kitambaa cha watu.

Siku yenyewe ikafika. Hetvi alikuja na darubini imefungwa kwa leso mbili kama mtoto mchanga, na baada ya sala ya isha tukapanda sote juu ya paa la saruji: Bwana Chetan na Bi Daksha, Kabibi, Shoeb na kofia yake na mfuko wa korosho, na mimi. Bi Daksha alikuwa ametandika mkeka na kuweka birika. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma vizuri, mbu hakuna. Jabari alikuwa juu kabisa ya vichwa vyetu, mkanda wake waonekana hata kwa macho ya fundi mzee.

Hetvi alihangaika na darubini muda, akageuza hiki, akakaza kile, akapiga magoti mpaka gauni likachafuka. Kisha akasema, "Tayari. Pappa, karibu."

Bwana Chetan akavua miwani, akampa mkewe. Akainama, akaweka jicho kwenye tundu. Shoeb hata korosho aliacha kutafuna. Nilimwona Bwana Chetan mgongo umepinda, mkono mmoja umeshika goti. Nilijua anachokifanya. Anajikumbusha.

"Waona nini, Pappa?"

"Naona," akasema, akasafisha koo. "Ah, naona. Nyekundu! Nyekundu ya bendera, hapa katikati. Na waridi, kando. Na zambarau kidogo upande huu. Nzuri, mwanangu. Nzuri mno."

Taa ndogo aliyoishika Hetvi ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa, kwa hiyo sikuuona uso wake.

"Kabibi," akasema polepole. "Njoo utazame."

Kabibi akainama. Akakaa. Akabadilisha jicho. Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akasema kwa sauti ya dukani, ile ya kumwambia mteja gauni limemkaa, "Mulungu wangu! Nyekundu kweli."

Ikawa zamu yangu. Nikainama nikiwa na hamu ya kuona ule moto wa kwenye simu. Niliona moshi. Moshi wa kijivu, kama wa jiko la makaa linapoanza kushika, umetanda mithili ya bawa, na katikati yake vinukta vinne vya mwanga vimesongamana. Rangi hakuna. Nikakodoa, nikapangusa jicho, nikatazama tena. Kijivu. Nikajisemea, Gona, macho yamekwisha. Juzi yalishindwa kutunga sindano, leo yanashindwa kuona nyekundu. Lakini sikuwa na muda wa kujililia. Bwana Chetan alikuwa amesimama karibu nami, na nilimsikia anavyopumua.

"Nyekundu kabisa," nikasema. "Bendera tupu."

Shoeb akafuata. Huyu ni mtu wa kubisha; mwambie leo Ijumaa, atakuuliza nani kasema. Alitazama muda mrefu kuliko sote, akakuna ndevu, akatazama tena. "Mashaallah," akasema. "Wekundu huu! Kama pilipili ya unga."

Sasa Hetvi alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Nyote mmeona nyekundu?"

"Sote," tukajibu kama darasa.

"Mama?"

Bi Daksha akaweka birika chini. Akatazama. Alipoinuka hakututazama sisi, alimtazama mumewe.

"Ni kijivu," akasema. "Chetan, ni kijivu. Hakuna nyekundu yoyote."

Natamani mngekuwapo mkaona jinsi watu wazima wanne wanavyotafuta pa kuweka macho. Shoeb aligeukia korosho zake. Kabibi alianza kufunga leso ambayo haikuwa imefunguka. Mimi niliinama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa malapa.

"Mama amesema kweli," Hetvi akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuchanganyikiwa kuliko ya hasira. "Kwa darubini, jicho halioni nyekundu pale. Jicho la mtu yeyote. Picha ile imepigwa na kamera inayokaa wazi muda mrefu ikikusanya mwanga kidogo kidogo. Jicho halikusanyi hivyo. Mwanga ukiwa hafifu, jicho huacha rangi. Stima zikipotea mkaingia stoo, majora yenu yana rangi gani?"

"Ya majivu," Kabibi akajibu, sauti ya dukani imemwisha.

"Nilitaka mtazame kwanza ndipo niwaeleze. Nilidhani mtasema, mbona haina rangi? Kila ninayemwonyesha husema hivyo. Sasa nyinyi wote..." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwa nini mmeniambia nyekundu?"

Ningeweza kutunga uongo mwingine. Uwezo huo ninao. Lakini Bwana Chetan alinyoosha mkono kama anayezuia mlango.

"Wamesema kwa sababu mimi nimesema," akamwambia bintiye. Kisha akatugeukia sisi. Alikuwa akituhesabu kwa macho, na nilimwona akielewa, mmoja baada ya mwingine. "Fundi, ulijua?"

"Tangu zamani, bwana."

"Na wewe, Shoeb?"

"Tangu lile embe," Shoeb akasema.

Bwana Chetan akaketi juu ya mkeka, si kwa kuchoka, bali kama mtu aliyetua mzigo na hajui afanye nini na mikono. Akamwambia Hetvi yote, kwa Kiswahili, ili nasi tusikie. Nyekundu na kijani. Mzee Harish. Picha ya Lakshmi na saa mbovu. Ile wiki ya kukariri. Alipofika hapo, Hetvi alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Lakini Pappa, wewe ndiye uliyenifundisha rangi!"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukinifundisha mimi," akasema. "Kila siku chini ya kaunta. Mimi nilikuwa nikingoja useme."

Binti akacheka na kulia kwa pamoja, akamlalia begani. Akamwambia maneno kwa Kigujarati ambayo sikuyaelewa wala sikuyataka, ni yao. Shoeb akapitisha korosho ili mradi mikono iwe na kazi. Nami, niseme ukweli, nilikuwa na furaha yangu ya pembeni: macho yangu yalikuwa mazima.

Baada ya kitambo Bwana Chetan akainua kichwa. Ilionekana kuna jambo limemjia.

"Mwanangu, umesema jicho la mtu yeyote?"

"La mtu yeyote, Pappa."

"Fundi, niambie bila kunihurumia. Umeona rangi gani?"

"Kijivu, bwana. Moshi mtupu."

"Kabibi?"

"Majivu, Bwana Chetan. Haki ya Mungu."

Akasimama. Akaenda kwenye darubini, akainama, na safari hii hakuwa anakumbuka chochote, alikuwa anatazama. Kisha akaita, "Daksha, njoo." Bi Daksha akaja. Akampisha. "Nitajie unachokiona. Polepole, usiruke kitu."

"Moshi," Bi Daksha akasema, jicho kwenye tundu. "Moshi wa kijivu. Umetanda kama bawa. Upande mmoja mpana, upande mwingine unafifia. Katikati kuna mahali pamejikunja peusi, na karibu na hapo vinyota vinne."

"Ndivyo vilivyozaliwa humo," Hetvi akasema taratibu. "Bado vichanga. Ndivyo vinavyoliwasha wingu."

"Vinne," Bwana Chetan akasema. "Na kimoja kimezidi vingine kwa mwanga?"

"Kimoja kimezidi."

"Na rangi?"

"Hakuna rangi, Chetan."

Akatazama tena yeye, kisha akamwachia tena mkewe, kisha akatazama tena. Wakawa wanapokezana hivyo kama watoto na tundu la ufunguo, na hakuna aliyethubutu kuomba zamu. Mwishowe akainuka. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta.

"Ndivyo ninavyoona mimi," akamwambia. "Daksha, ndivyo hasa ninavyoona mimi."

Bi Daksha akamshika mkono, kwanza kwa ncha za vidole kama mumewe anavyoshika kitambaa, na sisi wengine tukageuka kutazama taa za mjini.